Maswali ya Wasomaji: Madume Wanne wa Shamba la Soya

*Shikamoo mzee. Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi nje kidogo ya Bowling Green, Kentucky. Mkulima ninayemfanyia kazi ameniruhusu kuwinda kulungu mkia mweupe shambani kwake kwa upinde, msimu ukifunguliwa Septemba. Upande mmoja ana soya, upande mwingine mahindi, katikati kuna pori la mialoni. Tangu Julai, kila jioni naona madume wanne wakitoka kula soya mahali pale pale. Nataka nijenge ulingo hapo hapo ukingoni. Wewe unaonaje? Na ni kweli mbwa hawaruhusiwi? — B.M.*

Marahaba mwanangu. Ulingo wa hapo utakufaa siku chache za mwanzo tu, kisha utabaki kukalia hewa.

Kentucky hufungua msimu wa upinde Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mapema kuliko majimbo mengi ya Marekani. Ndiyo maana watu husafiri kwenda huko kumtafuta dume ambaye pembe zake bado zimevaa ile ngozi laini kama mahameli. Madume wako sasa hivi ni maswahiba, wanakula na kulala pamoja. Mchana ukizidi kufupika, homoni zao hupanda, ngozi ile hukauka, wakaisugua vichakani mpaka ibanduke, na uswahiba huishia hapo. Mmoja atahamia ng'ambo ya barabara usimwone hadi Novemba. Mwingine usiyemjua atakuja kushika nafasi yake.

Halafu kuna soya yenyewe. Kulungu anaifuata kwa ajili ya jani bichi. Jani likishaanza kuwa njano, hamu inakwisha. Basi muulize bosi wako: soya hii ilipandwa lini? Huko kwenu wakulima wengi huvuna ngano Juni, kisha hupanda soya papo hapo juu ya mabua. Soya hiyo ya pili hubaki kijani wakati ile ya Mei imeshanyauka. Kama analo hata eneo dogo la namna hiyo, kalitazame kabla hujapigilia msumari wowote mahali pengine.

Na kama hana? Nenda kwenye mialoni. Tena si yote. Mwaloni mweupe una majani yenye ncha za mviringo, na matunda yake huanza kudondoka Septemba. Hayana uchungu mwingi, kulungu huyapenda mno. Mwaloni mwekundu una majani ya ncha kali, matunda yake yana tanini nyingi, ndiyo inayoyatia uchungu, hayo watayarudia baadaye njaa ikibisha. Ingia porini saa saba au saa nane mchana, uiname. Ukiona maganda yaliyotafunwa na vinyesi vibichi chini ya mti mmoja huku jirani yake hakujaguswa, umeshajua mti wako.

Sasa chora kichwani njia kutoka malazi yao hadi soya, upite kwenye mti huo. Dume mzee hajitokezi shambani kukiwa kweupe. Husimama ndani ya pori, mita 30 au 50 kutoka ukingoni, anatafuna matunda mawili matatu akingoja giza. Ulingo wako uwe huko ndani. Wale uliowaona Julai walikuwa wanatembea bila wasiwasi, hakuna aliyekuwa anawavizia.

Mahindi yasikudanganye kwamba hayana kitu. Yakiwa bado yamesimama, wanalala humo humo mchana kutwa. Siku mashine ya kuvunia ikiingia, wewe uwe tayari juu ya mti, upande wa pori.

Upepo usiufanyie mzaha. Mnyama huyu anaweza kukusamehe ukikohoa, harufu hakusamehei. Jioni hewa ikipoa huteremka mabondeni, na nchi yenu ya Bowling Green imejaa mashimo ya ardhi iliyodidimia, yenye miti katikati ya mashamba. Kulungu hupenda kulala humo. Ukikaa juu ya shimo kama hilo machweo, jasho lako linawashukia wote. Beba unga wa sembe kidogo, upeperushe, uone unakwenda wapi. Unga ukielekea waliko kulungu, shuka urudi nyumbani. Alfajiri za Septemba mimi silipi gharama ya kuamka: kulungu bado wako shambani gizani, na ukiingia unawafukuza wewe mwenyewe.

Mbwa: ni kweli, hawaruhusiwi kusaka kulungu. Mbwa wa kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa anaruhusiwa, akiwa amefungwa kamba. Kumulika usiku na kutega tanzi, sahau. Ruhusa ya mkulima pia haitoshi. Yeye juu ya ardhi yake hahitaji leseni, wewe mgeni wake unahitaji leseni pamoja na kibali cha kulungu. Waliozaliwa tangu Januari 1, 1975 wanatakiwa pia wawe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ukipata mnyama, mripoti kwa simu au mtandaoni siku hiyo hiyo kabla ya saa sita usiku. Nyama gawa upendavyo, lakini usiuze hata kilo moja. Najua ndugu watakupigia simu wakitaja bei.

Na jifunge mkanda wa usalama tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Kuanguka mtini kumeumiza wawindaji wengi.

*Mume wangu alimpiga kulungu kwa mshale, akamkuta ameshakufa. Sisi Waislamu, nyama hii tule? — Mama S., Louisville*

Mama S., mimi si sheikh. Ninachokijua ni hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume: aliyeuawa kwa ncha iliyochoma analiwa, aliyeuawa kwa ubapa haliwi, na jina la Mwenyezi Mungu litajwe wakati wa kuachia mshale. Angemkuta bado ana uhai, angemchinja. Kama mnyama alianguka majini akafia humo, hukumu yake ni nyingine. Mweleze imamu wenu yote hayo, asiachwe akakisia.

Akisema ni halali, kesi inayobaki ni joto. Septemba nyama huharibika upesi: matumbo yatoke mara moja, barafu ijazwe kifuani, ngozi ivuliwe jioni ile ile. Mafuta ya kulungu yaondoe yote, maana hugandia mdomoni kama nta. Paja lichemshe kwa tangawizi na ndimu mpaka lilegee, ndipo utie tui.