Baba ameondoka, matanga yamekwisha, usingizi hauji

Ndugu yangu, pole sana. Mola amrehemu mzee. Umeuliza ufanyeje, maana wiki ya tano hii hulali, na huko Langoni, Lamu, wanakwambia siku tatu zimepita, jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba.

Wanachanganya mambo. Siku tatu ni za matanga: watu kuja kutoa pole, na jamaa kuacha mapambo. Machozi hayakuwekewa tarehe. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu. Basi lia, na ukimpata mtu barazani aliyemjua mzee, mzungumzeni, hata vituko vyake.

Mamako yumo edani, muda wa mjane kukaa nyumbani, miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo. Wewe kutwa uko nje. Jioni kaa naye, na usijifanye jabali. Huenda ananyamaza kwa kukuona wewe umenyamaza.

Madeni ya mzee ulizieni myalipe kabla ya kugusa mirathi. Deni lisilojulikana kiasi chake nalo hukesha na mtu (hili wengi huona haya kulisema). Nguo zake hazina haraka, anayetaka kuzigawa leo mwambie angoje.

Lakini ukiona chakula hakipiti, kazi imekushinda, au unatamani umfuate mzee, usingoje hata hitima ya arubaini. Nenda hospitali ya King Fahad, sema wataka kuonana na mshauri nasaha. Ukiona tabu kwenda peke yako, fuatana na ndugu mmoja asiyekuwa na maneno mengi.