Barua kwa mwanangu: Ayubu naye alilalamika

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, kila mtu kanisani ananiambia nivumilie kama Ayubu. Mbona mimi kila usiku namlalamikia Mungu? Nimemkosea?" Mimba ya pili imeharibika hata mwaka haujaisha tangu ile ya kwanza, na juu ya uchungu huo bado unajihesabia kosa. Roho imeniuma, mama yangu.

Wengi wanaokutajia Ayubu wameishia sura mbili za mwanzo. Humo ndimo yalimo maneno tunayoyasikia kila msibani, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Lakini kitabu kina sura 42. Sura ya 3 inapoanza tu, Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo hadi sura ya 31, kila zamu yake ya kusema inapofika, analia, anauliza, anamdai Mungu majibu. Rafiki zake walipokuja kumpa pole walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na mimi naamini hizo ndizo siku walizomfaa. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake. Mwishoni, fungua 42:7 usome mwenyewe, Mungu anawakasirikia wao, anawaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Yule yule aliyelalamika! Naye Yakobo, katika waraka wake, akiwatia moyo Wakristo waliokuwa taabuni, anataja uvumilivu wa mtu huyo huyo. Ayubu alilia sana, ila alilia akiwa amemwelekea Mungu. Wewe nawe, hicho kilio chako cha usiku, si unampelekea Yeye?

Kuna mwaka ambao sijawahi kukusimulia. Kaburi la kaka yako pale migombani unalijua. Tulimzika akiwa na wiki sita, nawe ulikuwa hujazaliwa. Baada ya hapo nilikwenda ibadani kwa sababu moja tu: bibi yako alikuja kunichukua kila Jumapili. Tulikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kuanzia Februari ile mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata sikuimba wimbo hata mmoja. Kitabu kilikaa mapajani kimefungwa. Bibi aliimba huku amenishika mkono, wala hakuwahi kuniambia niimbe. Nyumbani sala yangu ilikuwa Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za machozi hugeukia sifa kabla hazijaisha. Ile haigeuki, inaishia gizani. Nilipoona kwamba hata kilio cha namna hiyo kimewekwa ndani ya Biblia, nilijua naruhusiwa kubaki. Sauti ilinirudia asubuhi ile ya Pasaka, katikati ya ubeti wa pili, bila kupanga, na nililia kuliko siku ya mazishi.

Halafu usikubali mtu akwambie kwamba kwenda hospitali ni kukosa subira. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Mwombe daktari akufanyie vipimo, na mume wako muende pamoja. Na yale maneno ya kukuumiza anayokuambia wifi yako, mume wako ndiye wa kuyajibu, na ayajibu mapema. Hayo sikuambii uyavumilie.

Jumamosi napanda basi la kwanza. Naleta ndizi na mtindi, kwa hiyo usipike. Jumapili ukiwa na nguvu tutakwenda kanisani, tutakaa nyuma. Usipokuwa nazo tutabaki nyumbani. Kuomba kukikushinda, nitaomba mimi, wewe ukae tu karibu yangu.

Mama yako