Kabla ya kumeza dawa ya goti, fikiria figo

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, diklofenaki, dawa ya maumivu, huulizwa sana madukani. Mtu ameshinda juu ya mkarafuu, usiku amekaa kuchambua makonyo, akilala mgongo na magoti havimpi usingizi. Asubuhi anameza kidonge, anarudi shamba. Nawasihi ndugu zangu, hasa watu wazima na wenye presha, mjue kidonge kile kinagusa nini.

Ami yangu wa Wete alikuwa akitumia dawa mbili za presha: lisinopril na kidonge cha kukojoza. Magoti yalipomzidi akaongeza diklofenaki kila siku. Miguu ikavimba, mkojo ukapungua, presha ikapanda ingawa dawa zake hakukosa hata siku. Kipimo cha damu kikaonyesha kreatinini, taka ambayo figo huitoa mwilini, iko juu. Daktari alimwambia alete kila anachomeza, akavitazama kimoja kimoja, kisha akamwachisha ile ya maumivu. Kreatinini ilishuka taratibu. Si kila mtu hubahatika hivyo.

Kisa chenyewe ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kemikali mwilini, kiitwacho COX-2. Kiungo kikiumia, seli hukizalisha kwa wingi, nacho hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Diklofenaki na aibuprofeni hukizuia, goti likapoa. Ila kwenye figo COX-2 ipo hata mtu akiwa mzima. Mwili ukipungukiwa na maji au damu, prostaglandini za figo hutanua mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio, na husaidia kutoa chumvi kwenye mkojo. Ukizizuia wakati huo, mishipa hubana, uchujaji hushuka, chumvi na maji hubaki mwilini. Ndiyo ile miguu ya ami.

Dawa zake za presha ni nzuri, lakini kidonge cha kukojoza hupunguza maji mwilini, na lisinopril hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio. Ikiongezeka diklofenaki inayobana mshipa wa kuingilia, nguvu ya kuchuja huanguka. Mchanganyiko huo wa dawa tatu ndio ninaouogopa kuliko yote.

Utaambiwa dukani kuwa selekoksibu, dawa nyingine ya maumivu, ni salama kwa sababu haichomi tumbo. Kwa tumbo ni kweli, ni nafuu. Kwa figo si salama zaidi, maana inayozuiwa ni COX-2 ile ile ambayo figo inaitegemea.

Kwa hiyo usimeze dawa hizi ukiwa unaharisha, unatapika, au umetoka juani mwili umekauka. Wanaofunga Ramadhani huku wakifanya kazi ngumu wajihadhari zaidi. Kumeza diklofenaki daku kisha kushinda bila maji ni hatari kwa mwenye presha, kisukari au figo dhaifu. Paracetamoli kwa kipimo chake ni afadhali kwa figo. Dawa ya kupaka gotini huingia kidogo sana kwenye damu, lakini mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari hata hiyo.

Mama mjamzito asizitumie bila daktari. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka.

Aspirini nayo ni ya jamii hii, lakini aliyeandikiwa aspirini ndogo ya moyo asiiache kwa kusoma haya. Aende nayo kwa daktari wake, pamoja na dawa zake zote, aombe kupimwa kreatinini.