Je, faiba inaweza kunusa kisukari kwenye pumzi?

Swali: Mimi ni fundi wa mkongo wa mawasiliano. Nimesikia faiba, nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga, kama hizi tunazounganisha kila siku zinaweza kugundua kisukari kwenye pumzi. Mwanga si umefungwa ndani ya kioo? Gesi inaufikiaje? Na je, mama yangu mwenye kisukari ataacha kutoboa kidole?

Jibu: Ndugu fundi, unajua kwamba faiba ikikunjwa mno, mwanga huvuja. Basi hata isipokunjwa, sehemu ndogo ya mwanga husafiri nje kidogo ya kiini, yaani sehemu ya katikati ya uzi mwanga unamopita. Tukiupasha uzi moto na kuuvuta hadi uwe mwembamba sana, mwanga huo hutokeza nje na kukutana na hewa. Hapo tunaupaka utando unaonasa gesi tunayoitafuta. Gesi ikinaswa, utando hubadilika na mwanga unaofika upande wa pili hubadilika nao.

Njia ninayoipenda zaidi ni faiba yenye tundu katikati. Pumzi huingia kwenye tundu lile lile mwanga unamopita. Kila gesi hunyonya mawimbi yake ya mwanga: methani, kwa mfano, hunyonya mawimbi yenye urefu wa karibu na nanomita 1,650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ila gesi nyingi hunyonya kwa nguvu zaidi kupita nanomita 3,000, na huko kioo cha kawaida humeza mwanga chenyewe.

Kazi ngumu hasa ni maji. Asetoni, gesi inayohusishwa na kisukari, kwa mtu mzima mwenye afya huwa kwa kawaida chini ya sehemu 1 katika milioni. Mvuke wa maji katika pumzi hiyo hiyo hufikia sehemu 50,000 hivi! Utando mwingi huitikia maji kabla ya kuitikia asetoni, na joto la pumzi nalo huyumbisha kipimo.

Tena, asetoni si sukari. Hutokana na mwili kuchoma mafuta, kwa hiyo hata aliyefunga au aliyepunguza wanga huwa nayo nyingi. Kwa hiyo mama aendelee kutoboa kidole. Pumzi haiwezi kumwambia apige insulini kiasi gani.

Kwenye pumu hali ni tofauti: kliniki hupima gesi ya naitriki oksaidi katika pumzi, ingawa kwa vitambuzi vya aina nyingine.

Pumzi ya mama ikianza kunuka kama matunda yaliyoiva mno, huku anatapika au anahema haraka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.