Majimaji: Yale Ambayo Jukwaa la Songea Haliyasemi

Kila inapokaribia tarehe 27 Februari, siku ambayo Songea huwakumbuka wapiganaji wa Majimaji, vita vya kupinga utawala wa Wajerumani, walionyongwa mwaka 1906, wasomaji huniandikia kwa wingi. Nimechagua maswali matano.

Kwa kuwa maadhimisho hufanyika Songea, je, vita vilianzia huko?

Hapana, na swali hili limekwisha kujibiwa mara nyingi mno. Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbini, yaani nchi ya Wamatumbi, pale wananchi waliochoshwa na kilimo cha shuruti walipong'oa miche ya pamba. Wangoni, wenyeji wa Songea, waliingia baadaye, moto ulipokuwa umekwisha kuenea. Songea ina makumbusho, makaburi na barabara ya lami, kwa hiyo ndiko viongozi wanakokwenda.

Je, babu zetu hawakuwa wajinga kuamini kwamba maji yangezuia risasi?

Muulizaji angejiuliza kwanza kwa nini vita havikuisha pale imani hiyo ilipovunjika. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji hayo kama dawa ya vita, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Tarehe 30 mwezi huohuo bunduki za rashasha ziliwafyeka washambuliaji wa boma la Mahenge mbele ya macho ya wenzao. Hata hivyo mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907, kwa kuvizia msituni, kwa sababu kodi, kazi za shuruti na viboko vya maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, vilikuwa bado vipo. Dawa iliwapa watu wa makabila mbalimbali kiapo kimoja. Sababu ya kupigana walikuwa nayo tayari. Wanaocheka maji wanarudia, pasipo kujua, maelezo ambayo watawala wenyewe waliyapenda, kwa kuwa uasi ukiitwa ushirikina hakuna anayelazimika kueleza habari za pamba.

Hotuba husema kwamba makabila yote yaliungana, lakini nyumbani kwetu Iringa wazee husimulia kwamba babu zetu walikuwa upande wa Mjerumani. Nimwamini nani?

Waamini wazee wako. Wahehe, waliokuwa wamempoteza Mkwawa mwaka 1898 baada ya miaka mingi ya kupigana, safari hii waliwasaidia Wajerumani. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Ulanga, alifanya vivyo hivyo. Na askari waliokuwa wakifyatua zile bunduki walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na Wasukuma, chini ya maofisa wachache wa Kizungu. Kwa hesabu za Wajerumani, upande wao ulipoteza Wazungu 15, askari 73 na wapiganaji wasaidizi 316, na hao wa mwisho walikuwa wenyeji wa nchi hiihii. Najua chanzo cha hadithi ya umoja: harakati za uhuru zilihitaji wahenga, na TANU ikawapata katika Majimaji. Ilikuwa hoja nzuri ya kisiasa katika miaka ya 1950. Lakini leo hatuna mkoloni wa kumshawishi, na mtoto wa Iringa anayefundishwa kwamba "sote tulipigana" anafundishwa kumwona bibi yake kuwa mwongo. Nakuonya pia usigeukie upande wa pili ukaanza kuhesabu makabila ya wasaliti, maana mwaka 1905 hapakuwa na taifa la kusalitiwa.

Ni watu wangapi walikufa?

Wajerumani walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengi wanataja kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo inatokana hasa na njaa, na njaa haikuwa bahati mbaya. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zingewatiisha watu kikamilifu, na majeshi ya Gavana von Götzen yakachoma vijiji, ghala na mashamba. Kwa hiyo wengi wa waliokufa hawakunyongwa wala kupigwa risasi: walikuwa wanawake, watoto na wazee waliokosa chakula, na siku ya maadhimisho gwaride hupigwa kwa heshima ya wanaume wenye mikuki. Ningefuta nusu ya hotuba ili dakika hizo wapewe wao.

Rais wa Ujerumani alikwisha kuomba radhi. Tunataka nini tena?

Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, na aliahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambalo ukoo wake unaamini lilipelekwa Ujerumani. Radhi ile ilikuwa ya haki, ingawa ilichelewa kwa zaidi ya karne. Lakini madai ya fidia yasiishie kwa ukoo wa nduna mmoja na mji mmoja kwa sababu tu ndio wenye sanamu na kaburi linalojulikana. Mmatumbi ambaye ghala la babu yake liliteketezwa hana fuvu la kudai, na katika mazungumzo yoyote ya serikali hizi mbili ningetaka kujua ni nani anayemsemea.