Nilifunika Saketi Yangu kwa Gundi, Ikanakiliwa Hata Hivyo

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeunda pedali za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, aliniandikia: "Mwalimu, ni epoksi gani isiyolainika kwa moto wala dawa?" Epoksi ni gundi inayokauka ikawa ngumu, nasi mafundi huimwaga juu ya saketi ili isisomeke. Ana ovadraivu yake ya kwanza, yaani pedali ya kukwaruzisha sauti, anaiamini, na anaogopa kuibiwa. Nilikaa na swali hilo siku mbili, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita nami nililiuliza vivyo hivyo.

Pedali yangu ya kwanza ya kuuza ilikula usingizi wangu. Naweka daiodi, kijisehemu kinachokata vilele vya wimbi la sauti, napiga gitaa, naitoa, naweka nyingine. Za silikoni huanza kukata wimbi la sauti karibu na volti 0.6, za jemaniamu karibu na 0.3, kwa namba ni kitu kidogo, kwa sikio ni dunia mbili. Siku sauti ilipotulia niliamini nimepata kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Nikasugua namba za chipu kwa msasa, kisha nikamwaga epoksi nyeusi juu ya bodi nzima.

Wakati huo nilikuwa nimelewa habari za Klon Centaur, pedali ya Bill Finnegan wa Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, na ambayo saketi yake ilizamishwa ndani ya epoksi. Watu waliizungumzia kama hirizi. Nusu ya pili ya habari hiyo sikutaka kuisikia: epoksi ilikwanguliwa, saketi ikachorwa, na leo nakala zake zimejaa kila upande. Ndani yake mlikuwa na op-ampu (chipu za kukuza sauti) za kawaida, daiodi mbili za jemaniamu, na chipu ya kupandisha volti 9 zinazoendesha pedali ili sauti safi ipate nafasi.

Nakala ya pedali yangu ilitokea kabla mwaka haujaisha. Niliinunua, nikaifungua usiku peke yangu. Rezista kwa rezista, ilikuwa yangu. Kwenye bodi yangu kulikuwa na kapasita niliyoisahau baada ya majaribio, mguu mmoja haujaunganishwa na kitu, haina kazi yoyote. Aliyenakili naye ameiweka, mahali pale pale. Nilipoiona nilifunika ile nakala na sikuigusa tena kwa wiki nzima.

Alifanyaje? Kama wengine wote wanavyofanya. Epoksi hulainika ikipashwa joto, na anayenakili hajali kuharibu pedali mbili ili aisome ya tatu. Kufuta namba nako hakusaidii sana: chipu za miguu 8 zenye op-ampu mbili karibu zote zina mpangilio mmoja wa miguu, kwa hiyo fundi mzoefu huitambua kwa kufuata njia za bodi tu.

Lakini kilichonivunja moyo zaidi kilikuja baadaye. Mwanamuziki mmoja aliniletea pedali yangu, imenyamaza, naye ana siku mbili tu kabla ya kupanda jukwaani. Pengine ni kiungo kimoja cha risasi ya kulehemu kilichopasuka, kazi ya dakika tano. Sikuweza kukifikia. Nikamwambia nitampa mpya. Akasema anataka hiyo hiyo, ndiyo aliyorekodia.

Basi ndugu fundi, kabla ya kununua gundi jiulize unamfungia nani mlango. Na uwe mkweli kuhusu ulichonacho. Nilichelewa kukiri kwamba saketi niliyoiita yangu ilianzia kwenye Tube Screamer, ovadraivu ya kampuni ya Ibanez, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Daiodi kukaa kwenye njia inayorudisha sauti kutoka mwisho wa op-ampu hadi mwanzo wake si wazo langu. Changu ni uteuzi wa daiodi na namna ninavyochuja besi. Nilijifunza kwa kuchora kazi za waliotangulia, nami nasema wazi nimechota wapi. Aliyenakili hadi kosa langu hakujifunza kitu, na hilo bado linaniuma.

Kuhusu sheria, sajili jina na nembo kwanza, maana alama ya biashara ndiyo kinga iliyo karibu nawe. Hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, ila inadai uvumbuzi mpya na inakulazimu kueleza hadharani unavyofanya kazi. Hakimiliki hulinda mchoro wako. Saketi yenyewe mwingine anaweza kuiunda. Zaidi ya hapo, jenga vizuri, tengeneza kinachoharibika, na mjue mteja wako kwa jina.

Kijana nimemjibu kwamba jina la epoksi simpi. Pedali ya yule mwanamuziki ninayo bado mezani. Kila Jumapili naipasha joto kidogo na kuikwangua kwa kijiti cha mbao nisikate njia za bodi. Jana nimeifikia chipu.