Fimbo ya fundi mwingine: je, naweza kuiiga na kuiuza?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchezaji wa sarakasi. Nilinunua fimbo ya kuzungushia mwilini iliyotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja, nikaifungua, nikaipima na kutengeneza nyingine inayofanana nayo. Sasa wenzangu wanataka niwauzie, na fundi huyo hana hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi asiigwe. Je, nitakuwa ninamwibia?

JIBU: Ndugu msomaji, fimbo uliyojitengenezea mwenyewe haina ubaya wowote, kwa kuwa hivyo ndivyo mafundi wanavyojifunza. Tatizo linaanza unapoiuza.

Ukosefu wa hataza usikupe moyo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki za ubunifu, unazitaka nchi wanachama kulinda hataza kwa angalau miaka 20 tangu maombi yawasilishwe, na maumbo ya bidhaa kwa angalau miaka 10. Lakini usajili una gharama kubwa kwa mtu anayetengeneza vifaa vichache kwa mikono yake, na katika nchi nyingi aliyekwisha kuuza kifaa chake hadharani kabla ya kuomba huikosa hataza hiyo. Sheria inaweza kukuruhusu, na bado ukawa umemdhulumu.

Ni kweli kwamba fimbo kama fimbo haina mwenyewe. Makaburi ya Beni Hassan nchini Misri yana michoro ya takriban miaka 4,000 iliyopita inayoonyesha wanawake wakirusha na kudaka mipira, na poi, ile mipira ya kamba inayozungushwa, ni urithi wa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Alichokibuni fundi wako ni kingine: uzito uliowekwa nchani ili fimbo izunguke polepole na kumpa mchezaji nafasi ya kuigeuzia shingoni, na mpira wa katikati unaoshika ngozi bila kuikwaruza. Ncha moja ikizidi nyingine kidogo tu, fimbo huyumba. Vipimo hivyo alivipata kwa kujaribu na kutupa, nawe ukavichukua kwa rula. Vipimo hivyo hasa ndivyo utakavyoviuza.

Kama ni fimbo ya moto, nina wasiwasi zaidi. Mwigaji huuona utambi wa aramidi, yaani nyuzi zinazostahimili moto, na skrubu zinazoushikilia, lakini huenda asijue kwa nini zilichaguliwa za urefu ule, na utambi unaowaka ukichomoka unaweza kumwangukia mtazamaji.

Mwandikie fundi huyo kabla hujapokea fedha ya mtu. Mweleze ulichofanya, omba ruhusa, pendekeza fungu lake katika kila fimbo utakayouza, na jina lake litajwe. Akikataa, achana na vipimo vyake na uanze na kile ambacho mkono wako mwenyewe haukuridhika nacho katika fimbo hiyo. Kubadilisha rangi peke yake si ubunifu. Ikiwa ameacha kazi hiyo kabisa na hapatikani, sioni kosa kuiendeleza, mradi wanunuzi waambiwe ilikotoka.